Ukuta usio na ufa si ushahidi kwamba mlima umetulia

"Ukuta huu wa kuzuia udongo una miaka 10 na haujapasuka, basi mteremko umepona." Kauli hii ni ya hatari kwa wakazi wa milimani. Poromoko ambalo tabaka lake la utelezi linapita chini ya msingi huubeba ukuta mzima, ukiwa wima, bila ufa hata mmoja. Kwa hiyo ukaguzi uanzie mteremkoni, juu ya ukuta: tafuta nyufa za ardhi zilizopinda kama mwezi mchanga. Pigilia kigingi kila upande wa ufa, pima umbali kati yake kila mwezi, na kila wiki wakati wa masika.

Adui mkubwa ni maji. Ukuta wenye kimo cha mita 3 uliojaa maji nyuma yake hadi juu husukumwa na maji hayo peke yake kwa takriban tani 4.5 kwa kila mita ya urefu wake, udongo bado haujahesabiwa. Kimo cha maji kikiongezeka maradufu, msukumo huwa mara nne. Matundu ya kutolea maji yakiwa makavu mvua kubwa ikinyesha, usifurahi. Huenda tope limeyaziba. Simama pembeni, choma nondo ndani, uone kitakachotoka.

Hata uwiano wa usalama wa 1.5 ulioandikwa kwenye usanifu, yaani nguvu za kuzuia zikigawanywa kwa nguvu za kusukuma, hushuka: nyaya za gabioni (vizimba vya waya vilivyojazwa mawe) huliwa na kutu, mfinyanzi hulainika. Mhandisi arudie hesabu kwa kina cha maji kilichopimwa kwa piezometa (bomba la kupimia maji yaliyo ardhini) msimu wa mvua, si cha kukisia.