Mwalimu mkali na mipaka ya mamlaka yake darasani

Kila msimu wa mazoezi ya kufundisha unapokaribia, walimu tarajali ninaowafunza huniuliza kama wanapaswa kuingia darasani kwa ukali au kwa upole. Ukali wa sauti na uso haunitii hofu kubwa, maadamu mwanafunzi anajua mapema kosa ni lipi, adhabu yake ni ipi na nani mwenye haki ya kuitoa. Kinachoharibu darasa ni mtu mmoja kuwa mshitaki, hakimu na mtekelezaji wa hukumu kwa dakika ileile.

Kanuni za adhabu ya viboko zilizotangazwa nchini Tanzania mwaka 2002, chini ya Sheria ya Elimu ya 1978, zilikusudia kuzitenganisha nafasi hizo. Viboko ni kwa utovu mkubwa wa nidhamu au kosa zito linaloweza kuivunjia shule heshima, visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, mwanafunzi wa kike achapwe na mwalimu wa kike, ila pale ambapo shule haina mwalimu wa kike, na kila adhabu iandikwe kwenye daftari maalumu. Binafsi napinga fimbo hata kwa masharti hayo, na Kenya iliipiga marufuku shuleni tangu 2001. Hata hivyo nawasomesha kanuni hizi neno kwa neno, kwa kuwa wengi huamini kwamba kila anayeshika chaki ana ruhusa ya kushika na fimbo, na kwamba kukosa hesabu ni kosa la nidhamu.

Mamlaka hayo yasiyo na kumbukumbu huwafikia hata watoto. Mwalimu akitoka, monita huandika majina ya wapiga kelele, na orodha ile husomwa kama ushahidi uliokamilika, bila aliyeandikwa kuulizwa lolote. Monita naye hujifunza upesi kwamba jina la rafiki linaweza kufutwa.

Jambo linalonisikitisha zaidi hutokea Kidato cha Kwanza, lugha ya kufundishia inapobadilika kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Mtoto aliyekuwa akiuliza maswali ya sayansi darasa la saba hunyamaza, kwa kuwa anaogopa kukosea sarufi mbele ya mwalimu mkali na wenzake wanaocheka, naye mwalimu huusifu ukimya ule kuwa ni utulivu. Hapo mwalimu amepoteza njia pekee ya kujua nani ameelewa.

Kwa hiyo nawaagiza waandike sheria za darasa pamoja na wanafunzi katika kipindi cha kwanza, zikiwamo zinazomfunga mwalimu mwenyewe: kuwahi kipindi, kurudisha madaftari yaliyosahihishwa kwa siku iliyoahidiwa, kumsikiliza mtuhumiwa kabla ya kumwadhibu, na kupokea swali kwa Kiswahili pale Kiingereza kinapogoma. Kisha wawe wakali kadiri wapendavyo katika kuzisimamia, wakianza na zile zinazowahusu wao.