Mtoto mdogo tumboni baada ya upasuaji wa kupunguza uzito

Karatasi ya ultrasaundi ikiandikwa "mtoto mdogo kwa umri wake", mama aliyefanyiwa upasuaji wa kupunguza uzito hujilaumu papo hapo: nakula kidogo, basi namnyima mwanangu. Hiyo lawama ina ukweli kidogo na makosa mengi. Kazi yangu ni kufuatilia mimba za aina hii, na ninachotaka kieleweke ni hiki: udogo wenyewe si ugonjwa. Tunachotafuta ni mtoto aliyekuwa akikua vizuri kisha akapunguza mwendo. Na sababu mojawapo ya kupunguza mwendo, ambayo inaweza kurekebishwa, ni sukari ya mama kupanda na kuporomoka baada ya kula, jambo ambalo watu wachache sana huliulizia.

Nianze na tarakimu. Utafiti mkubwa wa Uswidi uliochapishwa mwaka 2015 ulilinganisha wajawazito waliokwisha kufanyiwa upasuaji na wengine wasiofanyiwa, waliokuwa na uzito sawa na ule wa wenzao kabla ya kisu. Watoto wadogo kwa umri wa mimba walikuwa asilimia 15.6 kwa waliofanyiwa na 7.6 kwa wasiofanyiwa. Lakini watoto wakubwa kupita kiasi walishuka kutoka asilimia 22.4 hadi 8.6, na kisukari cha mimba kutoka 6.8 hadi 1.9. Kwa hiyo upasuaji haukumharibia mtoto. Ulisogeza mizani yote upande wa wepesi. Wengi waliosogea wametua penye usalama, wachache wamesogea kupita kiasi, na hao wachache ndio tunaowatafuta.

Kwa nini mtoto anakuwa mwepesi

Kijusi hula sukari kuliko kitu kingine chochote, na sukari huvuka kondo la nyuma kwa kufuata mteremko: ikiwa nyingi kwa mama, nyingi huvuka, ikipungua kwa mama, kinachovuka hupungua. Sasa mtazame mama wa baipasi, yaani yule ambaye mfuko wake wa chakula umebakizwa kifuko kidogo kilichounganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba. Akinywa glasi ya sharubati tupu, hakuna mlango wa kuizuia. Inamwagika kwenye utumbo kwa mkupuo, na ndani ya dakika 30 hadi 60 sukari ya damu imeruka juu. Kongosho linashtuka na kutoa insulini nyingi kupita haja. Kati ya saa moja na tatu baadaye sukari imeanguka chini ya pale ilipoanzia: jasho, mikono kutetemeka, usingizi mzito, moyo kwenda mbio. Mama hudhani ni uchovu wa mimba. Akitibu hali hiyo kwa soda, mzunguko unaanza upya.

Kwa hiyo ushauri wa "kula kwa ajili ya watu wawili" haufai hapa, na ule wa "endelea na lishe yako ya kupungua" ni mbaya zaidi. Kinachofaa ni milo midogo sita kwa siku. Kila mlo uanze na protini (yai, samaki, kuku, maharage, mtindi usio na sukari), kisha mboga, na wanga uje mwisho na kwa kiasi. Protini isipungue gramu 60 kwa siku. Yai moja lina gramu 6 tu, kwa hiyo hesabu haijazi yenyewe. Vinywaji vikae mbali na chakula kwa nusu saa hivi, maana maji huharakisha chakula kushuka, tena hujaza kifuko ambacho hakina nafasi ya ziada.

Uzito wa mama nao hupimwa kwa kigezo kisicho sahihi mara nyingi. Kigezo ni BMI (uzito ukilinganishwa na urefu) aliyoshikia mimba, si ile ya kabla ya upasuaji. Mwenye BMI ya 18.5 hadi 24.9 anatarajiwa kuongezeka kilo 11.5 hadi 16. Wa 25 hadi 29.9, kilo 7 hadi 11.5, wa 30 na kuendelea, kilo 5 hadi 9. Mama aliyehangaika miaka kupunguza huogopa kuona mizani ikipanda. Hofu hiyo izungumzwe wazi kliniki, kwa sababu asiyeisema huishia kujinyima kimyakimya.

Kipimo cha kisukari ambacho hakimfai

Katikati ya wiki ya 24 na 28 wajawazito wengi hunyweshwa gramu 75 za glukosi na kupimwa damu. Mama wa baipasi asinyweshwe. Atatapika, ataharisha au atazimia, na hata akivumilia, majibu hayasomeki: sukari huruka mapema kisha huporomoka, basi kipimo cha saa ya pili huonekana kizuri ajabu. Hata kwa walioachiwa mfuko mwembamba kama mrija mimi sikipendi.

Badala yake mama hupewa mashine ndogo ya kupimia sukari kwa wiki moja nyumbani. Anapima asubuhi kabla ya kula, na saa moja baada ya kila mlo mkuu. Asubuhi iwe chini ya 5.3 mmol/l (95 mg/dl), saa moja baada ya mlo chini ya 7.8 (140), akipima saa mbili baadaye, chini ya 6.7 (120). Wiki hiyohiyo mwambie apime pia pale anapotetemeka au kulowa jasho. Vipimo hivyo vya ziada ndivyo huonyesha mporomoko niliousema, na mara nyingi huwa na manufaa zaidi kuliko vile vya kutafuta kisukari.

Kusoma karatasi ya ultrasaundi

Uzito wa mtoto haupimwi, unakadiriwa. Mtaalamu anapima upana wa kichwa, mzingo wa kichwa, mzingo wa tumbo na urefu wa mfupa wa paja, kisha mashine inapiga hesabu. Kosa la asilimia 10 hadi 15 ni la kawaida. Ikiandikwa gramu 2,400, ukweli unaweza kuwa 2,040 au 2,760. Ndiyo maana vipimo viwili vikikaribiana chini ya wiki mbili havina maana: mtoto huongezeka takribani gramu 200 kwa wiki katika miezi ya mwisho, na kosa la kipimo humeza ongezeko hilo lote.

Kisha inakuja namba ya nafasi, wengine huiita pasentaili. Wapange watoto 100 wa umri mmoja wa mimba kuanzia mwepesi hadi mzito. Aliye chini ya wa 10 huitwa mdogo, aliye chini ya wa 3 huitwa mdogo sana. Hapa ndipo watu hupotea. Chukua mtoto wa kwanza: wiki ya 28 yuko nafasi ya 11, wiki ya 32 ya 9, wiki ya 36 ya 9. Karatasi inasema mdogo, lakini anafuata njia yake bila kuyumba. Chukua wa pili: 48, kisha 27, kisha 12. Karatasi haisemi kitu, maana hajagusa 10. Mimi huyu wa pili ndiye ananinyima raha.

Akishaonekana anapunguza mwendo, tazama tumbo dhidi ya kichwa. Mzingo wa tumbo hubeba ini, na ini ndilo ghala la akiba ya mtoto. Akikosa chakula, ghala hukauka kwanza huku kichwa kikilindwa. Halafu ipimwe Dopla ya mshipa wa kitovu, yaani ultrasaundi inayoonyesha mwendo wa damu. Mtiririko mzuri wa damu, maji ya kutosha na mtoto anayecheza kama kawaida yake humaanisha tuna muda wa kurekebisha lishe na kurudia kipimo baada ya wiki mbili. Mtiririko ukikatika katikati ya mapigo ya moyo, au ukirudi nyuma, tatizo liko kwenye kondo na chakula hakitalitatua. Huyo ni wa hospitali siku hiyohiyo.

Yote haya yanasimama juu ya tarehe sahihi. Ultrasaundi ya kabla ya wiki ya 14 haina mbadala, hasa kwa kuwa hedhi za wanawake wengi hubadilika baada ya kupungua uzito, na tarehe ya hedhi ya mwisho hudanganya. Utepe wa kupimia tumbo la mama nao usitegemewe. Ngozi iliyolegea huupotosha. Ultrasaundi ya ukuaji kila mwezi baada ya wiki ya 24 ndiyo ratiba ninayoiona salama, na ikishindikana, angalau wiki za 28, 32 na 36.

Vidonge na ugomvi wao

Chuma na kalsiamu hugombania mlango mmoja wa kuingilia. Ukivimeza pamoja asubuhi "ili nisisahau", chuma hupotea bure. Ratiba inayokwenda: chuma asubuhi pamoja na kitu chenye vitamini C, kalsiamu miligramu 500 mchana, nyingine 500 alasiri, vitamini mchanganyiko za wajawazito na mlo wa jioni. Kati ya chuma na kalsiamu zipite saa mbili au zaidi.

Chuma kinachotakiwa ni miligramu 45 hadi 60 za chuma halisi. Kwenye kopo husomeka namba ya chumvi yake: kidonge cha ferasi salfeti cha miligramu 200 kina takribani 65 tu za chuma halisi. Kalsiamu, pamoja na ya chakulani, ifike 1,200 hadi 1,500, na iwe ya sitreti. Ile ya kaboneti huhitaji asidi ya mfuko wa chakula, na asidi hiyo sasa ni haba. Vitamini B12 ni sindano ya miligramu 1 kila miezi mitatu, au kidonge cha miligramu 1 kila siku. Asidi ya foliki ni miligramu 0.4, lakini mwenye BMI ya 30 na kuendelea au mwenye kisukari hupewa 4 hadi 5 kuanzia kabla ya mimba mpaka wiki ya 12. Kabla ya dozi hiyo kubwa, pima B12. Kwa mwenye upungufu wa B12, foliki nyingi husafisha picha ya damu huku mishipa ya fahamu ikiendelea kuharibika chinichini.

Vitamini A iwe ya betakarotini. Ile ya retino kwa dozi kubwa hudhuru kijusi, hasa miezi mitatu ya kwanza, na baadhi ya vitamini wanazopewa watu baada ya upasuaji zina retino. Mama abadilishe kopo kabla hajaacha kuzuia mimba, asingoje kliniki ya kwanza.

Damu ipimwe kila miezi mitatu ya mimba: wingi wa damu, feritini (akiba ya chuma), B12, foliki, vitamini D, vitamini A, kalsiamu.

Mambo mawili yasiyosubiri kesho

Kutapika kusikokoma. Akiba ya vitamini B1, yaani thiamini, huisha ndani ya wiki chache tu. Mama akifikishwa hospitali amekauka, mkono wa kwanza hukimbilia dripu ya glukosi, na glukosi hiyo humalizia tone la mwisho la thiamini lililobaki. Ubongo hupata madhara, macho hucheza, mwendo huyumba, kumbukumbu hupotea. Thiamini kwanza, dripu ya sukari baadaye. Aliyefungwa mkanda kwenye mfuko wa chakula, maji yaliyojazwa ndani ya mkanda huo yapunguzwe mara moja ili ulegee.

La pili ni maumivu ya tumbo la juu kwa mama wa baipasi. Utumbo ulipopangwa upya huacha upenyo, na mji wa mimba unapopanda, hasa kuanzia miezi ya kati, husukuma utumbo mwingine ukapenya na kujinyonga. Maumivu huja kwa mawimbi, huchoma hadi mgongoni, mara nyingi baada ya kula. Vipimo vya damu vinaweza kuwa safi kabisa wakati utumbo unakufa. Hii si kiungulia. Aonwe na daktari wa upasuaji anayeijua baipasi, na picha ya CT ikihitajika ipigwe. Mionzi yake ni hatari ndogo kuliko kuchelewa.

Lini kushika mimba

Miezi 12 hadi 18 baada ya upasuaji, uzito ukiwa umetulia. Shida ni kwamba uwezo wa kushika mimba hurudi mapema zaidi, hata kwa aliyekaa miaka bila kupata, na vidonge vya kuzuia mimba huenda visinyonywe vizuri baada ya baipasi. Kitanzi au kijiti ndiyo njia ya kutegemea. Mimba ikija mapema si mkosi wala sababu ya kuitoa. Ufuatiliaji unakazwa tu.

Kujifungua na kunyonyesha

Upasuaji huo peke yake si sababu ya kuzaa kwa kisu. Ila baada ya kujifungua, kwa mama wa baipasi, dawa za maumivu kama ibuprofeni na diklofenaki ziwekwe kando, kwa kuwa hutoboa vidonda penye maungio. Parasetamo hutosha wengi. Liandikwe kwenye faili mapema, maana usiku wa zamu hakuna atakayeuliza.

Mtoto apewe siku 14 kurudisha uzito aliozaliwa nao, na asipoteze zaidi ya asilimia 10 siku za mwanzo. Maziwa ya mama huwa mazuri ikiwa vidonge vinaendelea, na kosa la kawaida kabisa ni kuviacha wiki ya pili kwa kuwa "mimba imeisha". Upungufu wa B12 kwa anayenyonya hauonekani haraka. Miezi kadhaa baadaye mtoto amepauka, shingo imelegea, hatabasamu tena kama zamani, hataki kunyonya. Hapo damu ya mama na ya mtoto zipimwe siku moja.