Wote tumedahiliwa ila hatujaanzia sehemu moja: tabaka na unafuu wa kuzaliwa nao vyuoni

Kila mwaka majina ya waliodahiliwa yakitoka watu wanapongezana, alafu mjadala wa usawa unaishia hapo hapo, kama vile mtoto wa maskini akishapata nafasi chuo basi tayari kalingana na wenzake wote. Sisi ambao kazi yetu ni kushughulika na wanafunzi wa elimu ya juu tunaona kila muhula kwamba haiko hivo. Leo nataka nikae zaidi kwenye jambo moja, yale mambo ambayo chuo kinategemea mwanafunzi awe anayajua lakini hakuna mtu amewahi kumfundisha, manake naamini ndo yanaangusha watu wengi kimya kimya, na ndo ambayo tunaweza kuyarekebisha bila kusubiri bajeti kubwa.

Kwanza udahili, nipite haraka tu. Wengi wanaamini mtihani haujui tajiri wala maskini. Mwaka 2017 wachumi wakiongozwa na Raj Chetty walichambua rekodi za kodi za Marekani wakakuta vyuo 38, vikiwemo vitano vya Ivy League (kundi la vyuo vinane binafsi vya kifahari vya huko), vina wanafunzi wengi wanaotoka kwenye ile 1% ya familia tajiri kabisa kuliko wanaotoka kwenye 60% yote ya chini. Utaweza kusema labda wenye nazo wanafaulu zaidi tu, ndo maana. Sasa 2023 timu hiyo ikarudi na vyuo 12 vya juu kabisa, ikalinganisha watoto wenye alama zilezile za mtihani, na bado mtoto wa ile 1% alikuwa na uwezekano zaidi ya mara mbili wa kuishia kwenye vyuo hivyo kuliko mtoto wa familia ya kipato cha kati. Alama zilezile! Sababu walizozikuta ni kupendelewa kwa watoto ambao wazazi wao walisoma hapohapo, nafasi za wanamichezo, na maksi za mambo ya nje ya darasa ambazo kuzipata kunataka shule yenye washauri na muda mwingi wa mtoto kufanya hayo mambo.

Wengine watasema dawa ni kufuta ada. Mimi naunga mkono ada ipungue au iondoke kabisa, sina ubishi na hilo, lakini angalia Ujerumani, tangu 2014 hakuna jimbo linalotoza wanafunzi ada ya jumla kwenye vyuo vya umma na bado mtoto ambaye wazazi wake hawakusoma chuo ana uwezekano mdogo sana wa kufika huko ukimlinganisha na mtoto wa waliosoma. Ina maana kuna kitu kingine kinachuja watu, na hicho kitu hakiko kwenye risiti ya ada.

Mwanasosholojia Pierre Bourdieu alikisoma hicho kitu kwa miaka mingi, na yeye mwenyewe alikuwa mtoto wa mfanyakazi wa posta kutoka kijijini kusini magharibi mwa Ufaransa. Mwaka 1964 yeye na Jean-Claude Passeron walionyesha kwamba wanafunzi wa chuo waliotoka familia za juu wanakuja na urithi ambao hauko benki: namna ya kuongea, vitabu walivyovikuta nyumbani, kujiamini mbele ya mtu mkubwa, kuzijua njia za mfumo. Alafu chuo kinauangalia huo urithi kinauita kipaji, na asiyekuwa nao kinamuona hana akili. Hapo ndo dhuluma ilipo kwa maoni yangu, kwa sababu mtu akikosa hela anajua amekosa hela, ila huyu anaambiwa amekosa uwezo na yeye mwenyewe anaamini.

Chukulia wanafunzi wawili wa mwaka wa kwanza, wote wamepata maksi mbovu kwenye asaimenti ya kwanza. Mmoja mama yake alisoma chuo, anampigia simu anaambiwa hiyo ni kawaida mwaka wa kwanza, nenda kamuone lekchara, muulize ulipokosea, omba akuonyeshe kazi nzuri inavyokaa. Anaenda, anarekebisha, na zaidi ya hapo lekchara sasa anamjua kwa jina, baadae akitafutwa mtu wa kusaidia utafiti atakumbukwa huyo, na akihitaji barua ya rekomendesheni ataandikiwa barua yenye maneno ya maana. Mwingine hana wa kumpigia, au anaye ila hataki kumtia mzazi presha, anaona yale maksi kama ushahidi kwamba hapa sio mahali pake, anajifungia anasoma peke yake mpaka usiku wa manane, kwenda kwa lekchara anaona ni kusumbua mkubwa au kukiri kwamba yeye ni mjinga. Mwisho wa muhula tofauti yao imeshakuwa kubwa na kila mtu anasema huyu wa kwanza ana bidii. Bidii wote wanayo jamani, kilichotofautiana ni nani aliambiwa mlango uko wapi.

Anthony Abraham Jack, msomi aliyetoka familia ya kipato cha chini mwenyewe, amelifatilia sana hili kwenye vyuo vya Marekani. Anasema maprofesa wanatangaza saa zao za kuonana na wanafunzi ila hawasemi hizo saa ni za nini, hivo anayejua tayari ndo anazitumia na asiyejua anadhani ni muda wa prof kufanya kazi zake asisumbuliwe. Ushauri wake ni mwepesi kabisa: semeni. Semeni ni za nini, mtu aje na nini, na kwamba kuja sio aibu.

Na hizo saa ni mfano mmoja tu. Kuna kujua kwamba unaweza kuomba kuongezewa muda ukiwa na msiba au unaumwa, kwamba matokeo yana utaratibu wa kukata rufaa na una siku zake, kwamba intanshipu nzuri nyingi zinaanza kuombwa mapema kabla hata tangazo halijabandikwa kwenye ubao, kwamba kuacha somo kabla ya tarehe fulani hakuharibu transkripti ila ukiacha baada ya hapo unahesabiwa umefeli, kwamba kuna mfuko wa dharura ambao karibu hakuna anayeuomba sababu hakuna anayejua upo. Kila moja ya hizi ukiiangalia peke yake ni ndogo, ila mtu anaweza kudisko (kuondolewa chuo kwa kufeli) kwa mchanganyiko wa tatu au nne tu.

Muda nao ni utajiri, hili watu hawalisemi vya kutosha. Mwanafunzi anayefanya kazi za usiku ili ajilipie pango, au anayegawana hela yake ya kujikimu na wadogo zake, hana masaa ya kukaa klabu ya midahalo au kujitolea miezi mitatu bila malipo kwenye ofisi ambayo baadae ndo itamwajiri. Wasifu wake ukifika mezani kwa mwajiri unaonekana mweupe, na ile kazi ya usiku iliyomfundisha nidhamu kuliko klabu yoyote hata hakuiandika, hakujua kama inahesabika. Iandike, inahesabika.

Sasa je kusema tu wazi kunasaidia kweli au ni maneno ya kufarijiana? Tuna ushahidi. Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, kilishirikiana na mchumi Susan Dynarski kujaribu jambo moja kwa wanafunzi wa sekondari wanaofaulu vizuri wa kipato cha chini. Wengi wao kwa kipato cha familia zao wangesoma bila ada hata hivyo, ila hawakujua, na kuligundua hilo ilibidi kwanza waombe nafasi, wajaze mafomu, wasubiri. Kundi moja likatumiwa barua mapema inayoahidi wazi kwamba ukidahiliwa ada yako yote tunalipa, na wazazi na wakuu wa shule wakajulishwa pia. Waliopata barua 68% waliomba kujiunga, kwa ambao hawakupata ni 26%. Walioingia chuo hicho ni 27% kwa waliopata barua, na 12% kwa ambao hawakupata. Msaada wenyewe kwa kiasi kikubwa ulikuwepo tangu zamani, kilichobadilika ni kwamba mtu ameambiwa kwa lugha anayoielewa na kwa uhakika. Kila nikiisoma hiyo naumia, nikifikiria vizazi vingapi vilipita kabla ya hiyo barua.

Kuna jaribio jingine la 2014 la mtafiti Nicole Stephens na wenzake, wanafunzi wapya walikaa kama saa moja wakasikiliza wakubwa zao wakieleza familia walizotoka, wazazi waliosoma na wasiosoma, na jinsi hiyo ilivyowagusa chuoni na walivyopambana. Pengo la GPA (wastani wa alama) kati ya waliokuwa wa kwanza kusoma chuo kwenye familia zao na wengine likapungua kwa 63% mwaka huo, na sababu mojawapo ni kwamba wale wa kwanza walianza kwenda kuomba msaada. Na pale chuo kikuu cha Georgia State, Atlanta, Marekani, waligundua wanafunzi waliobakiza kidogo kumaliza wanaondolewa kwa sababu ya madeni madogo, wakaanza kuwalipia wenyewe kabla hata hawajaomba.

Wanafunzi waliozaliwa kwenye unafuu wakati mwingine wakisikia haya wanaona wanashambuliwa. Hapana wadogo zangu, hamkuchagua, na maksi zenu mmezisotea. Ila ukishajua wewe ulielekezwa, mwelekeze aliyekaa pembeni yako, mtumie lile tangazo la intanshipu, usilifiche.

Kwa malekchara wenzangu, kwenye kozi autilaini ongezeni mistari mitano: nakuwa wapi, siku gani, uje na swali la aina gani, kuongezewa muda kunaombwaje, na mfano mmoja wa kazi iliyopata maksi za juu uko wapi. Vyuo viache kusubiri mwanafunzi ajieleze umaskini wake mbele ya kamati ya watu saba ndo asaidiwe, deni mnaliona kwenye mfumo, mpigieni nyie.

Na wewe ambaye ni wa kwanza kwenu kufika chuo, wiki ya kwanza nenda ofisi ya mshauri wa wanafunzi uulize vitu vitatu: mfuko wa dharura unaombwaje, tarehe ya mwisho ya kubadili au kuacha somo ni lini, na nani anahusika na rufaa za matokeo. Waombe wakuandikie majibu au yaandike mwenyewe na uyasambaze kwenye grupu la darasa siku hiyohiyo.