Uke Hauoshwi kwa Ndani, Hata Wakati wa Ujauzito

Wiki hii tena mjamzito ameniambia, kwa kujiamini kabisa, kwamba harufu anayoisikia ukeni imetokana na kutojisafisha vya kutosha, na kwamba kwa sababu hiyo ameanza kujiosha kwa ndani kwa sabuni ya dawa asubuhi na jioni. Nimechoka kulisikia hilo.

Uke wenye afya haukosi bakteria. Kwa wanawake wengi, wenyeji wake ni laktobasili, ambao hutengeneza asidi ya laktiki na kuishikilia pH, yaani kipimo cha uchachu ambacho hushuka uchachu unapozidi, kati ya 3.8 na 4.5. Wakipungua, Gardnerella vaginalis na wenzake wasiohitaji oksijeni hushamiri, pH hupanda kupita 4.5, na shombo la samaki huanza: hiyo ndiyo vajinosisi ya bakteria. Sabuni huwaondoa walinzi na kuwaachia wavamizi mlango wazi, kisha mama, akiona harufu imezidi, huongeza sabuni.

Kosa la pili, ambalo hunikera kuliko la kwanza, ni kuiita kila hali ya ukeni fangasi. Fangasi huwasha, hutoa ute mzito mweupe kama maziwa mgando, na kwa kawaida hawanuki. Ute wa vajinosisi ni mwepesi, wa kijivujivu, na ukidondoshewa hidroksidi ya potasiamu kwenye kioo cha maabara, shombo hupanda papo hapo. Chini ya hadubini, seli za uke huonekana zimefunikwa na bakteria hata kingo zake zisitambulike. Klotrimazoli, dawa ya fangasi, haitibu vajinosisi, hata ukiitumia mwezi mzima. Magonjwa ya zinaa kama klamidia, kisonono na kaswende yana vipimo vyake, na mwenzi naye hutibiwa. Hapo hakuna mjadala.

Mjadala upo hapa. Vajinosisi huambatana na chupa kupasuka mapema na kuzaa njiti, lakini kuwatibu wajawazito wote wasio na dalili hakujaonyesha kwamba kunazuia hayo. Utafiti wa PREMEVA wa Ufaransa, uliochapishwa mwaka 2018, uliwapa antibiotiki ya klindamisini wajawazito wasio katika hatari kubwa, na uzazi wa mapema sana haukupungua. Kwa hiyo mimi humpa mwenye dalili antibiotiki ya metronidazoli miligramu 500 mara mbili kwa siku kwa siku 7, ilhali kwa asiye na dalili ambaye aliwahi kuzaa njiti ushahidi unagongana, nami huamua pamoja naye huku shaka ikiwa palepale.

Ute mweupe usionuka wala kuwasha huongezeka katika ujauzito na hauhitaji dawa. Nje panatosha maji. Lakini maji yakichuruzika kutoka ukeni, au homa ikiandamana na maumivu ya tumbo la chini, mama asisubiri siku yake ya kliniki, aende hospitali saa hiyohiyo, na asiingize chochote ukeni kabla ya kupimwa.