Gari la umeme na mvua: je, litakupiga shoti?

Kwenye maonyesho ya magari ya umeme, swali hili halikosi: mvua ikinyesha, si litanipiga shoti? Halipigi. Betri imefungwa ndani ya kasha lililozibwa maji yasipenye, na zile nyaya nene za rangi ya chungwa zinazopitisha umeme wake mkali hazigusani na bodi ya gari. Mfumo ukihisi umeme unavuja, humwonya dereva au hukata mkondo. Hata kuchaji mvuani hakuna shida: umeme hauanzi kupita mpaka plagi ikae sawasawa na gari liwasiliane na chaja. (Waya uliochubuka usiuguse, kunyeshe kusinyeshe.)

Mafuriko ni habari nyingine. Gari lililozama, hasa kwenye maji ya chumvi, linaweza kushika moto hata siku kadhaa baadaye. Liwekwe mbali na nyumba, fundi alikague kwanza.