Gego Likiacha Kuuma Halijapona: Maswali Kuhusu Kuziba Meno

Haya ni maswali ninayoulizwa na wagonjwa wa meno hapa Pemba, wengine wa Wete mjini, wengine wanaotoka Konde na Micheweni. Mengi nayajibu kwa furaha. Moja linaniudhi, na nitalijibu zaidi ya mara moja.

Ile dawa nyeupe ya kuziba ni kitu gani?

Inaitwa kompositi. Ni rezini, yaani aina ya plastiki, iliyochanganywa na unga laini sana wa kioo. Tunaitia ikiwa laini, tunaimulika kwa taa yenye mwanga wa buluu, nayo inakuwa ngumu kwa sekunde chache. Ile ya zamani ya rangi ya fedha ni amalgamu, na karibu nusu ya uzito wake ni zebaki. Nchi nyingi zinaipunguza kufuatana na Mkataba wa Minamata wa 2013 kuhusu zebaki, ndiyo maana siku hizi mnaiona nyeupe zaidi. Kama unayo ya fedha na bado nzima, iache ilivyo. Usije kuitaka itolewe kwa sababu tu umeona ya jirani yako inapendeza.

Itahimili kutafuna kwenye magego?

Itahimili. Tafiti za muda mrefu zinaonesha kuwa katika kila magego 100 yaliyozibwa kwa kompositi, kati ya 1 na 3 huharibika kwa mwaka. Kwa hiyo mengi yanapita miaka 10 yakiwa kazini. Yanayoharibika huharibika kwa njia mbili kubwa: uozo mpya unaoingia pembeni mwa dawa, au kitu kuvunjika, dawa yenyewe au jino.

Linaloamua zaidi ni ukubwa wa tundu siku uliyokuja. Kila ukuta wa jino unaopotea, hatari ya dawa kuharibika hupanda kwa theluthi au zaidi. Tundu la ukubwa wa punje ya mchele naliziba kikao kimoja na unaondoka unacheka. Lakini wengi mnaniletea gego ambalo katikati hakuna kitu, limebaki ganda, khalafu mnaniambia, "Daktari, niwekee ile nyeupe ya kudumu." Idumu imeshika wapi?

Gego liliniuma wiki nzima, sasa limetulia. Si limepona?

Hapana.

Jino lililotoboka halijizibi lenyewe. Uozo ukifika kwenye mshipa wa ndani, mshipa unavimba mahali ambapo hapana nafasi ya kuvimba, na hayo ndiyo maumivu yanayokukosesha usingizi. Baada ya siku kadhaa mshipa unakufa. Mshipa uliokufa hauumi. Wewe unashukuru umepona, unarudi shamba, unarudi dukani, na huku vijidudu vinateremka kwenye mzizi na kuingia kwenye mfupa wa taya. Miezi baadaye unanijia shavu limevimba.

Tofauti ni hii. Ungekuja siku lilipoanza kushtuka kwa maji baridi, tungeziba tu. Ukija linauma lenyewe usiku, mara nyingi tunahitaji kutibu mizizi kwanza, kazi ya vikao kadhaa na gharama zaidi. Ukija limeshatulia na limeshaoza, mara nyingi tunang'oa. Kila siku unayosubiri "nione kama litarudi kuuma" unashuka ngazi moja.

Mbona mimi nilitia mafuta ya makonyo, yale ya vikonyo vya karafuu, na likapona?

Halikupona. Lilikufa ganzi.

Karafuu, iwe punje yake au mafuta, ina kemikali iitwayo yujenoli. Ni kweli inatuliza mshipa, hata sisi tuna dawa za muda zilizotengenezwa kwa yujenoli. Siwakatazi usiku mmoja wa dharura mkiwa mbali na hospitali. Ninalokataa ni wiki tatu za kipamba cha mafuta. Mtu akifungua mdomo tu harufu inafika mlangoni, nikichungulia nakuta kipamba kimegeuka cheusi ndani ya tundu na ufizi pembeni umeungua mweupe. Tena yujenoli inazuia rezini isigande sawasawa. Kwa hiyo ukija kuziba, sema ulitia nini na lini. Usinifiche kwa kuona haya.

Na wale wa kununua vidonge vya antibayotiki dukani, nusu dozi, uvimbe ukashuka: jibu ni lile lile. Chanzo kimo ndani ya jino, vidonge havikitoi. Maumivu kukatika si kupona.

Kwa nini unanijaza pamba na kunikataza kufunga mdomo?

Mate. Kabla ya kutia dawa tunapaka asidi kwenye jino, tunaosha, tunakausha, tunapaka gundi. Tone moja la mate likigusa hapo, gundi haishiki vizuri na ninaanza upya. Kisha dawa yenyewe tunaitia kwa matabaka, kwa kawaida yasiyozidi milimita 2, kila tabaka na taa yake, kwa sababu mwanga haufiki chini zaidi ya hapo na rezini hunywea kidogo inapoganda. Zipo aina mpya zinazokubali milimita 4. Vyovyote vile, bibi yangu, vumilia. Magego yako nyuma kabisa, na ulimi wako hautulii.

Nimeziba juzi, maji baridi yananichoma. Dawa mbovu?

Si lazima. Kushtuka kwa baridi siku chache, hata wiki mbili, ni jambo la kawaida, khasa kama tundu lilikuwa na kina. Ukihisi jino hilo linatangulia kugusana unapouma, rudi tulisage kidogo, ni kazi ya dakika tano. Usiseme litazoea. Likianza kuuma lenyewe, kwa mapigo, usiku, rudi haraka. Na likiuma hivyo kisha likatulia, rudi vile vile!

Nile nini baada ya kuziba?

Kompositi imeshaganda kabla hujashuka kwenye kiti. Subiri ganzi iishe tu, usije ukajing'ata shavu. Watoto wa skuli ndio wanaojitafuna midomo. Popoo, barafu na kufungua soda kwa meno, acha. Tambuu na kahawa vitaibadilisha rangi, huko nyuma nani anakuona.

Kinachonitia wasiwasi ni kashata. Mtu anakaa barazani tangu alasiri mpaka magharibi, kikombe cha kahawa, kipande cha kashata, baada ya muda kingine. Meno hayapati nafasi ya kupumzika na asidi inayotokana na sukari. Afadhali ule halua yako yote mara moja, ukimaliza basi. Msuwaki wa mti ni sunna na unasaidia, ila ongeza dawa ya meno yenye floraidi asubuhi na kabla ya kulala, na usiyaruke magego.

Nisubiri Ramadhani ipite?

Usisubiri. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Kimataifa, katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997, lilisema kutoboa jino, kung'oa na kusafisha hakufunguzi ikiwa mtu atajiepusha kumeza kinachofika kooni. Kama moyo haujatulia, muulize sheikh wako leo, si baada ya Idi. Mwezi mmoja unaweza kutosha kwa tundu lenye kina kufika kwenye mshipa.

Shavu limevimba usiku. Nikae mpaka asubuhi?

Ukiwa na homa, mdomo haufunguki vizuri, uvimbe umeshuka chini ya kidevu au shingoni, au kumeza na kupumua kunakuwa kazi, ondoka saa hiyo hiyo uende hospitali, iwe saa nane za usiku. Uvimbe wa namna hiyo unaweza kuziba njia ya hewa. Usikande kwa maji ya moto, usitoboe kwa sindano. Kama ni uvimbe mdogo na unapumua na kumeza bila tabu, uwe wa kwanza kwenye foleni asubuhi, hata ukiamka umeshapungua.