Ua la Mbololo si lile la kwenye chungu: tunayokosea kuhusu mimea adimu ya Taita

Ukitoka Mombasa kwa gari kwenda Nairobi, ukifika Voi unaiona milima upande wa machweo, imesimama yenyewe katikati ya nyika ya Tsavo. Ni Dawida na Mbololo, halafu Sagalla, na Kasigau kule mbali kusini. Chini ni vumbi jekundu na miiba. Juu, kilele cha Vuria kinapita mita 2,200 na asubuhi nyingi ukungu umekifunika. Nyika na ukungu kukaa karibu hivyo kumeipa Kaunti ya Taita Taveta mimea ambayo baadhi yake haimo mahali pengine popote duniani. Tunaoishi nayo tunasema mengi juu yake kwa uhakika, na baadhi ya hayo yanaiua.

“Ua hilo linauzwa kila mahali, litakuwaje adimu?”

Hili ndilo ninalolisikia zaidi, kuhusu Saintpaulia, ua dogo la zambarau lenye majani yaliyojaa vinyweleo laini kama mahameli. Kweli, Ulaya na Marekani limejaa madirishani. Lakini fuata asili yake. Mwaka 1892 mtawala Mjerumani wa Usambara, Walter von Saint Paul-Illaire, alilipeleka kwao Ujerumani kutoka sehemu za Tanga. Mwaka uliofuata mtaalamu wa mimea Hermann Wendland akalipa jina la Saintpaulia ionantha. Maua ya vyunguni kwa sehemu kubwa ni uzao wa mimea michache iliyotoka pande hizo za Tanga, ikachanganywa na kuzalishwa vitaluni kwa zaidi ya miaka mia moja.

La Mbololo ni jingine. Liliandikwa kama spishi ya peke yake mwaka 1958, Saintpaulia teitensis, na wataalamu wa siku hizi huliweka katika jenasi ya Streptocarpus. Mwituni linaota Mbololo tu. Hata ndani ya mlima huo haliko kila mahali: linataka mwamba wenye unyevu, tabaka jembamba la majani yaliyooza juu ya mwamba huo, na kivuli cha miti mikubwa siku nzima. Mizizi yake haiendi chini. Ukikata mti mmoja tu unaolitia kivuli, jua linaufikia mwamba, mwamba unakauka, na ua linakufa hata kama hakuna aliyeligusa. Mtu akipita hapo baadaye ataapa kwamba hajaharibu ua lolote, na atakuwa anasema kweli.

Ndugu yake mmoja yuko Kilifi, kwenye miamba ya chokaa, naye anategemea kivuli vivyo hivyo.

Na wale wanaosema, “Basi nitaling'oa nikalitunze nyumbani,” nawaomba waache. Ua lililoko kwenye kopo barazani halipokei chavua kutoka kwa wenzake wala halirudishi mbegu mwambani. Mlima umelipoteza siku ulipoling'oa, hata likiishi kwako miaka kumi.

“Milima bado ni ya kijani, kwa hiyo msitu upo”

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu kosa hili hata viongozi wanalo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Helsinki, ambao wamefanya kazi Taita miaka mingi, walilinganisha picha za angani za mwaka 1955 na za mwaka 2004. Ukihesabu miti yote kwa jumla, eneo lenye msitu lilikuwa limepungua kwa asilimia 2 hivi. Mtu angefurahi. Lakini walipotenganisha miti ya asili na ya kigeni, walikuta msitu wa asili umepungua kwa nusu. Pengo lilikuwa limejazwa na misonobari, mikaratusi na miti mingine ya kupandwa, na ukitazama kutoka barabarani huoni tofauti.

Ingia ndani ndipo utaiona. Katika msitu wa asili kama Ngangao, magome na matawi yamevikwa kuvumwani na okidi ndogo. Ukungu unaopanda kutoka Bahari ya Hindi unanasa humo, unageuka matone, na matone yanashuka ardhini hata siku ambazo mvua haijanyesha. Chini kuna kivuli cha ngazi mbili tatu: miti mirefu, halafu ya kati, halafu mimea inayopenda giza. Katika shamba la misonobari utakuta zulia la sindano kavu na mimea michache sana, na likishika moto wakati wa kiangazi, moto huo huenda mpaka kwenye ukingo wa msitu wa asili. Mkaratusi nao unakua haraka kwa kunywa maji mengi. Una faida zake. Nguzo na kuni zetu zinatoka huko, na mwenye shamba akiupanda kwa ajili hiyo simlaumu. Kinachonikera ni pale miche yake inapohesabiwa kuwa “urejeshaji wa msitu.” Mmea wa Mbololo au wa Ngangao hauna pa kukaa chini ya mkaratusi.

“Vimebaki vipande vidogo tu, havina maana”

Ngangao ni hekta 120 hivi. Chawia haifiki 100. Mbololo ndio mkubwa kuliko yote miwili, na bado ni mdogo. Sehemu nyingine ni ndogo zaidi: kishamba cha miti juu ya kilima, mahindi yamekizunguka pande zote. Lakini mmea usioishi kwingine hauulizi ukubwa wa nyumba yake. Kipande kimoja kikifyekwa, huenda ndipo ulipokuwa ulimwengu wote wa spishi hiyo.

Wazee waliotutangulia walilifahamu hili kwa njia yao. Fighi, misitu ya ulinzi ya Wadawida, ilikuwa na miiko: hukati, huwashi moto, huingii ovyo. Kuna waliotuambia kwamba huo ni ushirikina wa kuachwa. Mimi nitasema tu nilichokiona: mahali pengine miti ya asili iliyosalia ni ile iliyokuwa ndani ya fighi.

“Kahawa ya porini ni ile ya shamba iliyotoroka”

Hapana. Mbuni wa arabika asili yake ni nyanda za juu za Ethiopia na majirani zake. Mbuni mwitu wa Taita uitwao Coffea fadenii ni spishi nyingine, yenye jina la Robert Faden, mtaalamu aliyekusanya mimea hapa Kenya. Utafiti uliotolewa mwaka 2019 ulipima spishi 124 za kahawa zilizojulikana duniani wakati huo, ukaonyesha kwamba asilimia 60 ziko hatarini kutoweka. Wakulima wa kahawa wakisumbuliwa na magonjwa na joto, huko porini ndiko wazalishaji wa mbegu watakakokwenda kutafuta nguvu mpya. Anayeukata mbuni mwitu akidhani ni gugu la shambani anakata akiba ya watu wengi.

“Shubiri zote ni dawa”

Hili ni la hatari, kwa hiyo lisome taratibu. Aloe vera ya madukani ina asili ya Uarabuni. Ya kwetu porini ni mingine kabisa, ya aina kadhaa. Huko kwenye vichaka vya nyika ya kusini mashariki mwa Kenya na kaskazini mashariki mwa Tanzania kuna mshubiri mrefu, Aloe ballyi, wenye shina moja linalopita kimo cha mtu mara mbili au zaidi. Ukivunja jani lake linatoa harufu ya panya. Una sumu inayofanana na ile ya mimea inayoua mifugo na watu. Usiukamue na usiunywe, hata jirani akikuhakikishia kwamba mishubiri yote ni mamoja.

Kisheria pia mishubiri ya porini na Aloe vera si kitu kimoja. Uvunaji wa mishubiri ya porini ulipigwa marufuku Kenya mwaka 1986 kwa amri ya rais, na biashara ya kimataifa ya spishi zote za Aloe, isipokuwa Aloe vera, inasimamiwa na mkataba wa CITES.

“Msandali ukikatwa utapandwa mwingine”

Msandali haukatwi tu, unang'olewa na mizizi, maana kwenye mizizi na kiini cha shina ndiko kwenye mafuta ya manukato. Kwa hiyo hakuna kisiki cha kuchipua. Tena kuna mti dume na mti jike, na ukiondoa wa jinsia moja, mwingine unabaki bila mwenzake wa kuzaa naye. Na mizizi yake hujishikiza kwenye mizizi ya miti jirani na kunyonya humo sehemu ya chakula chake, ndiyo maana mche uliopandwa peke yake kwenye udongo mtupu hudhoofika. Anayetaka msandali lazima awatunze na majirani zake. Kenya ilipiga marufuku uvunaji wake mwaka 2007, na CITES ikauorodhesha mwaka 2013, lakini malori ya magendo bado hukamatwa.

Ukikutana na mmea usioujua huko juu, uache ulipo. Piga picha ya ua, ya jani upande wa juu na wa chini, ya mwamba au udongo ulikoota, na ya mti unaoutia kivuli. Picha mbili za mwisho ndizo watu husahau. Zipeleke kwa wataalamu wa hifadhi ya mimea iliyokaushwa ya Afrika Mashariki katika Makumbusho ya Kitaifa, Nairobi. Mtandaoni weka picha ya ua ukipenda, lakini usiandike liko bonde gani.